Aliyenifunza Kupeleka Msiba

Usiku ule nilijiuliza swali moja kwa namna nyingi, na kila namna iliishia pale pale: je, nimenyamaza kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa, au nimenyamaza kwa sababu mimi ni mwoga?

Laini mbili za nyumba kutoka nilipolala, hapo hapo mtaa wa Mbotela, alikuwa amelala mwanamke aliyenifunza kazi. Mama yake mzazi alikuwa amefariki mchana wa siku hiyo, kwao magharibi. Ndugu yake alipiga simu kiwandani jioni, nami ndiye niliyeipokea. Mwenyewe alikuwa hajui. Nilikuwa nimetembea naye kutoka kazini hadi nyumbani, nikicheka alipocheka, nikamtakia usiku mwema na kwenda zangu na habari yake kifuani.

Mtu mwingine angelia kidogo, akalala. Mimi hata kuchagua benchi la kukalia kanisani kulihitaji mashauri. Niligeukia ukuta, nikageukia pazia, na nyuma ya pazia kaka yangu na mkewe walikoroma kwa zamu kama watu waliopangiana.

Nilimaliza chuo kikuu miaka ya tisini, wakati digrii ilikuwa imeanza kupoteza heshima yake lakini hakuna aliyekuwa ametuambia. Nilikaa nyumbani kwa kaka kwa muda mrefu nikiandika barua za kuomba kazi na kuzisoma upya hadi zikapitwa na wakati. Kaka alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha blanketi huko Industrial Area, eneo la viwanda la jiji. Siku moja alirudi akasema ofisi inayoshughulikia masilahi ya wafanyakazi, ambayo kila mtu kiwandani aliiita welfea, inatafuta msaidizi.

Mkuu wa welfea alikuwa mama mmoja mrefu, mpana wa mabega, mwenye mkoba mkubwa ambao hakuuweka chini hata alipokuwa akikutia adabu. Alikuwa ameanza kazi kwenye mashine za kufuma, akasoma jioni, akapanda hadi akapewa ofisi yenye pazia. Sauti yake ilibaki ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Digrii yako ni ya nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Sosholojia, Mama."

"Hiyo inahusu nini?"

"Jinsi watu wanavyoishi pamoja."

"Basi umefika. Hapa watu wanaishi pamoja na hawapendani. Keti."

Tangu siku hiyo niliitwa Digrii. Yeye alianza, na kabla ya wiki kuisha hata askari wa getini alikuwa akinisalimia, "Niaje, Digrii," kwa heshima nusu na dhihaka nusu.

Kazi zetu zilikuwa nyingi na ndogo ndogo. Likizo, wagonjwa, wajane, magomvi ya zamu, mtu aliyenyimwa buti. Lakini kazi nzito ilikuwa ile simu nyeusi iliyokaa kwenye kona ya meza yake. Wakati huo nyumba zetu za Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, hazikuwa na simu. Mtu akifiwa mashambani, jamaa zake walitembea hadi sokoni au posta, wakapiga nambari ya kiwanda, na habari ikatua kwetu. Ofisi yetu ndiyo iliyokuwa mlango wa misiba ya watu wote wa kiwanda kile, wa kutoka Ukambani, wa kutoka magharibi, wa kutoka kila mahali.

Mara ya kwanza nilipomwona akifanya kazi hiyo sikuelewa. Baba ya kijana mmoja wa kusokota nyuzi alikuwa amefariki. Mama alipoweka simu chini hakwenda kwenye mashine. Alienda kantini kwanza, akamuuliza mpishi kama kijana yule amekula. Alikuwa hajala. Akangoja. Kisha akatuma aitwe binamu ya kijana huyo, aliyekuwa idara ya kupaka rangi, akamweleza yeye peke yake nyuma ya stoo. Baada ya chakula ndipo alipomwendea kijana, akamwambia, "Njoo tutembee." Tukatoka watu wanne. Njiani kijana akauliza, "Mama, kuna nini?" Akamjibu, "Kuna jambo. Nitakuambia tukifika kwako." Kijana hakuuliza tena. Alitembea akishikwa mkono na binamu yake. Alipoambiwa, tayari alikuwa ameketi kwenye kitanda chake mwenyewe, na majirani walikuwa karibu wa kusikia akilia.

Jioni nilimuuliza kwa nini asingemwambia tu kwamba baba ni mgonjwa sana, kama watu wengi wanavyofanya, ili aende nyumbani ajionee.

"Ukimwambia ni mgonjwa, atapanda basi akiomba njia nzima baba yake apone," alisema. "Kwa nini umfanye mtu aombe maombi ya bure? Kunyamaza unaweza. Kudanganya usidanganye."

Nililiweka neno hilo. Lakini mimi ni mtu wa kuweka maneno na kuyatumia vibaya. Nilidhani nimeielewa kazi: kuwa makini, kutofika kwa mtu bila sababu, kutopoteza muda wa watu wenye mashine. Kwa hiyo nilibaki ofisini nikipanga mafaili. Nilitokea kwenye mashine pale tu Mama aliponituma kumwita mtu, na aliyekuwa akiitwa, mara nyingi, alikuwa amefiwa.

Siku moja fundi mmoja wa kufuma alisahau mkebe wake wa chakula ofisini kwetu. Nikaona nimpelekee. Nilipoingia tu mlango wa idara yake niliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja. Yule fundi aliniona nikimjia, akazima mashine, akakaa chini sakafuni na kushika kichwa kwa mikono miwili. Nikapaza sauti kwamba ni mkebe tu. Mashine zilikuwa zikinguruma, hakuna aliyesikia. Mwanamke mmoja alifungua leso yake kiunoni akamfunika mabegani. Mwingine alianza kulia kwa ajili yake. Nilisimama mbele yao nikiwa nimeinua mkebe juu kwa mikono miwili kama padri, na bado hawakuelewa, mpaka msimamizi alipouchukua, akautikisa, na maharagwe yakasikika ndani.

Yule fundi alinitazama kutoka sakafuni. "Msichana," alisema, "nimemzika mamangu mara moja. Leo umenifanya nimzike tena."

Nilirudi ofisini nikitaka kuacha kazi. Tayari kulikuwa na jina jipya likizunguka. Nililisikia kwenye foleni ya kantini: Bundi. Bundi amepita wapi leo? Bundi asije huku.

Mama alipopewa hadithi ile alicheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikateleza. Alijifuta machozi, akakifunga upya, halafu akanitazama bila kucheka.

"Unajua kosa lako ni lipi?"

"Nilipeleka mkebe."

"Kosa lako ni kwamba ulikuwa hujawahi kupeleka mkebe. Mimi nikipita kwao kila siku nawauliza upuuzi. Nani amenyoa vibaya, nani timu yake imefungwa. Ndiyo maana siku nikija na neno zito, hawalioni kutoka mlangoni. Mtu anafika kwangu akiwa bado ana miguu. Wewe unawaendea na kifo tu. Unataka wafurahi kukuona?"

Kuanzia kesho yake tulizunguka pamoja kila asubuhi. Nilimuuliza nitaongea nini. Akasema chochote. Neno "chochote" lilinitesa. Usiku nilipanga maswali kichwani, nikayachambua kama yanafaa kwa mkubwa, kwa mdogo, kwa mwanamume, kwa mwanamke. Kwa dereva mmoja wa lori la kiwanda, mzee wa kutoka Ukambani, shemasi katika kanisa la karibu na kwetu Mbotela, nilipata swali lililoonekana salama. Nilimuuliza kama mvua imenyesha kwao. Akasema bado. Kesho yake nikamuuliza tena. Na keshokutwa yake. Mwishowe alitoa kofia, akaniambia kwa upole kabisa, "Binti, mvua ikinyesha nitakuja mwenyewe ofisini nikuambie."

Watu waliokuwa wakipakia lori walicheka, nami, kwa mara ya kwanza kiwandani, nikacheka pamoja nao. Msimu ulipogeuka, mzee yule alibisha mlango wa welfea katikati ya kazi, akasimama na kofia mkononi. Nilishtuka, nikadhani amekuja na msiba. "Binti," alisema, "imenyesha." Akaenda zake.

Jina la Bundi halikufa siku moja, lakini lilikufa. Yule fundi wa mkebe mwenyewe ndiye aliyelizika. Kila alipoketi kula aliniita kwa mbali: "Digrii, leo nimebeba, usije."

Tulizoea kutembea kurudi nyumbani, Mama na mimi. Watu wengi wa mitaa yetu walitembea wakati huo. Kengele ilipolia, barabara za Industrial Area zilijaa miguu. Harufu ya mkate kutoka kiwanda cha mikate ilitufuata hadi relini. Tulivuka reli kwa foleni, mmoja nyuma ya mwingine, tukatokea Barabara ya Jogoo wakati wanawake wa sukuma wiki walikuwa wameanza kukata. Mama alikuwa na mmoja wake maalumu. Alisimama mbele yake, mkoba begani, akimsimamia kisu.

"Nyembamba, dada. Mimi si ng'ombe."

"Na wewe Mama, kila siku nyembamba. Nikate nyuzi ufume blanketi?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Sikuwahi kuitwa mkutano wala kupewa mafunzo. Nilijifunza tukitembea, kati ya kiwanda na mfereji, bomba la maji la mtaa wetu, na nikikumbuka jambo lolote alilonifunza, nalikumbuka na mahali: hili aliniambia relini, lile tulipokuwa tukingoja sukuma ikatwe. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, na msiba humkuta mtu akiwa sokoni, ameshika nyanya, kati ya wageni. Sisemi zamani ilikuwa bora. Nasema nakosa ule umbali. Nakosa muda uliokuwapo kati ya habari na mwenyewe, na watu waliojua kuutumia.

Mfereji ulikuwa katikati ya laini yake na yangu. Kwa desturi yetu, mtu husindikizwa. Hata kama mmetoka pamoja na mnaishi jirani, huwezi tu kusema kwaheri na kugeuka. Lakini Mama alikuwa na sheria: kusindikizana kunaishia mfereji. "Ukinifikisha mlangoni itanibidi nikurudishe, kisha unirudishe, na ugali utapikwa na nani?" Kwa hiyo tulisimama pale, kati ya ndoo na watoto, tukamaliza mazungumzo, kila mmoja akashika njia yake. Hakuna siku tuliyopita mfereji.

Pale mfereji ndipo aliponieleza, jioni moja, kwa nini anaifanya kazi ile kwa utaratibu ule. Alikuwa bado kwenye mashine, kijana, mwenye mtoto mdogo. Mume wake alikuwa turnboi, utingo wa lori la masafa marefu. Siku hiyo msimamizi alimjia akiwa kazini, mashine zote zikinguruma, akainama akamwambia jambo sikioni. Hakusikia. Akauliza, "Nini?" Msimamizi akasogea, akapaza sauti. Bado hakusikia vizuri. Akauliza tena, "Nini?"

"Ikabidi apige kelele," alisema. "'Mume wako amekufa barabarani.' Hivyo. Na idara nzima ilisikia kabla yangu, kwa sababu mimi nilikuwa bado nasogeza kitambaa kutoka masikioni." Aliinua ndoo ya jirani iliyokuwa imejaa, akaisogeza, akaweka nyingine tupu chini ya maji, kama mtu anayetafuta kazi ya mikono. "Sikumchukia. Hakuna aliyekuwa amemfunza. Lakini nilisema, kama nitapata nafasi, hakuna mtu atakayeulizishwa 'nini' mara mbili juu ya kifo cha mtu wake. Liseme mara moja. Liseme lisikike."

Sasa turudi jioni ile.

Mama alikuwa ametangulia getini, ananingoja kama kawaida. Nilikuwa nafunga dirisha simu ilipolia. Sauti ya mwanamume, ya mbali, yenye upepo ndani yake, iliuliza kama Mama yupo. Nikasema ametoka, mimi ni msaidizi wake. Kisha akasema yeye ni ndugu yake, na mama yao ameaga mchana ule, nyumbani, akiwa mikononi mwake. Alisema wanamngoja yeye ndiyo wapange mazishi. Alisema asisafiri usiku, na asisafiri peke yake. Alisema tangazo litasomwa redioni kesho mchana. "Mwambie vizuri, dada," alisema, na hela zake zikaisha au laini ikakatika, sijui.

Niliketi kwenye kiti cha Mama, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikainuka haraka.

Getini aliniuliza, "Mbona umechelewa?"

"Nilikuwa nafunga," nikasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimefunga dirisha, nimefunga mlango. Lakini njia nzima nililigeuza neno lile: ni kunyamaza huku, au ni kudanganya? Alikuwa na furaha jioni hiyo. Alinieleza jinsi mzee dereva alivyoangusha karanga za shemasi mwenzake kanisani na kuzifuatia chini ya mabenchi wakati wa sala. Nilicheka nikiwa nimechelewa kidogo kila mara, kama redio yenye betri dhaifu. Mbele ya mama wa sukuma wiki alisema, "Nyembamba, dada," na mwenzake akamjibu kama siku zote, nami nikatazama kando kwenye barabara. Aliwahi kunifunza kwamba habari ikija jioni na mtu hana la kufanya nayo mpaka kuche, iache ilale. Giza huongeza ukubwa wa kila kitu. Na ndugu yake alisema asisafiri usiku. Kila kitu kiliniambia ningoje. Lakini mabasi ya magharibi yalikuwa bado yakipakia abiria wa usiku, na ningeweza kumpata mtu wa kumsindikiza. Huenda ndugu yake alisema vile kwa adabu tu. Huenda yeye mwenyewe, angeulizwa, angetaka kuondoka saa ile ile. Nani alinipa ruhusa ya kumchagulia usingizi?

Basi nikalala nalo, au nikakesha nalo. Na zaidi ya lile swali la woga, kulikuwa na lingine: ningemwambiaje? Njia zote nilizojua zilikuwa zake. Kumwendea na mtu wake, kumngoja ale, kutembea naye. Nikitokea mlangoni kwake alfajiri na mtu mwingine nyuma yangu, atajua kabla sijafungua mdomo, kwa sababu ndiye aliyeutunga utaratibu huo. Ni kama kumfanyia daktari ujanja wa kumpa mtoto dawa. Nikafikiria kumwachia mchungaji. Nikafikiria meneja wa wafanyakazi, ambaye angefurahi kutuma barua. Nikafikiria kumwachia mzee dereva kazi nzima. Yeye ni mtu mzima, ni shemasi, ameongea juu ya makaburi mengi. Kila niliyemfikiria alikuwa na sifa kuliko mimi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama naye pale mfereji jioni ile akisikia habari ya msimamizi na mashine.

Kulipoanza kupambazuka niliosha uso, nikavaa, nikaenda kwa mzee dereva. Alifungua mlango akiwa amevaa fulana na suruali ya kazi. Aliponiona saa ile, mkono wake ulishika mwimo wa mlango.

"Si wewe, mzee," nikasema haraka, kabla hata ya salamu. "Si yako. Ni ya Mama."

Aliuachia mwimo. Akavuta pumzi. "Asante kwa kuanza na hilo," alisema. "Ngoja nivae koti."

Tulitembea polepole kati ya laini. Watu walikuwa wameanza kupanga ndoo. Nilimweleza yote, na nilipomaliza aliniangalia kando, akaona uso wangu.

"Wacha mimi niseme, binti," alisema. "Mimi nimezeeka na maneno haya. Wewe utakaa karibu naye umshike."

Ilikuwa zawadi. Nilitaka kuipokea kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilihisi miguu yangu ikiwa myepesi kwa mara ya kwanza tangu jioni. Tukapita mfereji.

Mama alikuwa amekwisha kuamka. Mlango ulikuwa wazi nusu, redio ikiongea chini chini, birika juu ya jiko la mafuta. Alikuwa amejifunga leso, kichwa bila kitambaa, na nywele zake zilikuwa nyeupe zaidi kuliko nilivyodhani. Alinitazama mimi. Akamtazama mzee nyuma yangu na koti lake la Jumapili katikati ya wiki.

"Mmekunywa chai?" aliuliza.

"Bado, Mama."

"Shemeji, ingia basi, usisimame mlangoni kama mdai." Hivyo ndivyo alivyomwita mzee dereva miaka yote, kwa utani. Mzee akaingia, akaketi ukingoni mwa kiti.

Alimimina vikombe vitatu. Nilikuwa nimejiuliza usiku kucha jinsi nitakavyohakikisha ametia kitu tumboni kwanza, na sasa aliinywa chai yake bila kuharakisha, akipuliza, mpaka ikafika nusu, akituangalia sisi tulioishikilia yetu tu.

"Jana ulinifikisha mlangoni," aliniambia.

Sikuelewa.

"Hukusimama mfereji. Ulipita kama mtu aliyefungwa kamba kwangu. Ukafika mpaka hapo, ukasema usiku mwema, ukageuka. Hata hukujua umepita." Aliweka kidole kwenye ukingo wa kikombe. "Nikajua kuna jambo."

"Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungesema, na ulikuwa hujawa tayari. Nikasema, kama ni la kuniamsha, ataniamsha. Kama ni la kungoja kuche, litangoja. Nikala, nikalala."

"Ulilala?"

"Nililala. Ingekuwa habari iko kwa mtu mwingine, ningekesha." Akanitazama vizuri. "Ila wewe naona hukulala. Macho kama nyanya."

Mzee alikohoa. Aliweka kikombe chake chini taratibu, akaunganisha viganja, akasogea mbele kidogo kwenye kiti kama mtu anayeanza sala, na nikaona midomo yake ikitafuta neno la kwanza. Angeweza. Angelisema vizuri, pengine vizuri kuliko mimi, na hakuna ambaye angenilaumu.

Nilinyoosha mkono nikamgusa mkono wa koti. "Hapana, mzee," nikasema. "Nitasema mimi."

Mama alinyanyuka, akazima redio. Akaketi tena, magoti yake karibu na yangu, mikono juu ya leso. Nje maji yalikuwa yakianguka ndani ya ndoo ya mtu. Nilingoja ndoo ile ijae na mfereji ufungwe, ili kusiwe na sauti nyingine.

"Mama," nikasema, "mama yako amefariki. Ni jana mchana, nyumbani, akiwa mikononi mwa ndugu yako. Wanakungoja wewe."

Nililisema mara moja, na lilisikika. Hakuniuliza, "Nini?"